Tufungulieni Gasoline Alley siku kwa siku: barua ya wazi kwa wanaotunza magazeti ya zamani ya Marekani

Waheshimiwa wakuu wa maktaba, wakurugenzi wa hifadhi za nyaraka na wamiliki wa magazeti wa Marekani,

Salaam kwenu nyote.

Nawaandikia kuhusu katuni ya gazeti. Najua mezani kwenu kuna mambo yanayoonekana mazito zaidi: bajeti zinazokatwa, maghala yaliyojaa hadi mlangoni, magazeti ya miji midogo yanayofungwa mwaka hadi mwaka. Lakini ninachokiomba kiko mikononi mwenu, na hakiwezi kungoja sana, maana karatasi ninayoizungumzia inazidi kukauka na kumeguka. Nimeandika kwa Kiswahili ili wasomaji wenzangu, walioko huko kwenu na walioko huku Afrika Mashariki, wajue kinachoombwa ni nini na waunge mkono wakikubaliana nami. Nakala ya Kiingereza mtaipata.

Katuni yenyewe ni Gasoline Alley. Ilianza tarehe 24 Novemba 1918 katika gazeti la Chicago Tribune, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imekwisha siku chache tu nyuma. Mchoraji wake, Frank King, alikuwa mtu wa Wisconsin aliyezaliwa 1883 na kukulia katika mji mdogo wa Tomah kabla ya kuhamia Chicago kutafuta maisha. Mwanzoni ilikuwa kona ndogo tu ya ukurasa wa Jumapili: wanaume wanne, Walt, Doc, Avery na Bill, wamesimama kwenye uchochoro nyuma ya nyumba zao wakibishana kuhusu magari. Gari lilikuwa jambo jipya kwa mtu wa kipato cha kati, na kila aliyekuwa nalo alijiona fundi. Mwaka 1919 katuni ikawa ya kila siku. Ingebaki kuwa mazungumzo ya magari, leo nisingekuwa na cha kuwaandikia.

Kilichoigeuza ni hesabu ya biashara. Joseph Medill Patterson, mmoja wa wakuu wa Tribune, alitaka wanawake nao waisome, akaona dawa yake ni mtoto mchanga. Lakini Walt Wallet, mhusika aliyependwa kuliko wote, alikuwa kapera, tena mnene, mpole na asiye na dalili ya kuoa. Basi asubuhi ya tarehe 14 Februari 1921 wasomaji walimkuta Walt amefungua mlango wa nyumba yake, na pale kizingitini pana kapu lenye mtoto wa kiume ndani yake. Akampokea. Mtoto akaitwa Skeezix.

Hapo King akafanya jambo ambalo wachoraji wenzake walikuwa hawalifanyi: akamwacha mtoto akue. Hans na Fritz wa katuni ya Katzenjammer Kids walikuwa watundu wadogo mwaka 1897 na wakabaki watundu wadogo miaka yote iliyofuata. Skeezix aliota meno, akatambaa, akasimama, akaenda shule, akarefuka, kwa kasi ile ile ya mtoto aliyekuwa akikua nyumbani kwa msomaji. Mwaka 1926 Walt alimwoa Phyllis Blossom. Mwaka 1928 wakapata mtoto wao, Corky. Mwaka 1935 akaja Judy, naye mtoto wa kuokotwa, safari hii aliachwa ndani ya gari la Walt. Mwaka 1942 Skeezix, kijana wa miaka 21, alijiunga na jeshi kama vijana wa rika lake walivyokuwa wakijiunga, na mwaka 1944 akamwoa Nina Clock. Mama aliyejifungua mwezi ule ule kapu lilipofika mlangoni kwa Walt angeweza kufuatilia makuzi ya watoto wawili, mmoja wa damu na mmoja wa wino, mpaka siku zote mbili za harusi.

Huwezi kuyaona haya kwa kusoma siku moja. Hili ndilo naomba mlielewe kuliko jingine lolote katika barua hii. Ukichukua tarehe yoyote ya mwaka 1922 ukaisoma peke yake, utakuta visanduku vichache ambavyo karibu hakuna kinachotokea ndani yake: mtu mnene anamsukuma mtoto kwenye kigari, jirani anapita anatoa ushauri ambao hakuombwa, mwisho kuna kichekesho kidogo cha upole. Utauliza, sifa zote zile ni za nini? Soma mwezi mzima. Soma mwaka. Utaanza kumjua Walt namna unavyomjua mtu wa mtaani kwako: hasira zake zinakwisha upesi, ana hofu ya siku moja kunyang'anywa mtoto, anapenda kujisifia gari lakini kwa mtoto hajisifii. Katuni hii imejengwa kwa siku. Msomaji alipewa kipande kidogo kila asubuhi, akakisoma, akakunja gazeti, na kesho yake akarudi.

Sisi wasomaji wa magazeti ya Kiswahili jambo hili hatuhitaji kufundishwa. Kenya nzima ilimzoea Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo kwa miongo na miongo, na wako watu walioanza kusoma Kiswahili kwa kumfuata yeye. Hakuna aliyekuwa na kibonzo kimoja alichokipenda kuliko vyote. Ulimpenda Juha kwa sababu jana ulimwona na kesho utamwona.

Ndiyo maana mikusanyo ya «kurasa bora» inanisumbua, hata iliyofanywa kwa nia njema. Kuchagua siku kumi nzuri za Gasoline Alley ukamkabidhi msomaji ni sawa na kumwonesha mtu picha tano za harusi ukaamini amehudhuria. Sisemi picha hizo si nzuri. Kurasa za Jumapili za King ni za ajabu, na naweza kuzizungumzia hadi usiku. Kila majira ya kupukutika majani yalipofika, Walt na Skeezix walitoka kutembea msituni, na King aliachia rangi nyekundu, za machungwa na za kahawia zitawale ukurasa mzima. Kuna ukurasa wa mwaka 1930 ambao wawili hao wanakwenda kutazama sanaa ya kisasa kwenye jumba la makumbusho, na mara wamo ndani ya michoro yenyewe, wanatembea katika nchi ya miti iliyopinda na rangi zisizofanana na za duniani, miili yao nayo imepindishwa. Kuna kurasa ambazo ukizitazama kwa mbali ni picha moja kubwa, ya ufukwe au ya mtaa unaoonekana kutoka juu, lakini imekatwa kwa mistari kuwa visanduku 12, na katika kila kisanduku watu wamesogea kidogo na dakika chache zimepita. Macho yanaona mahali pamoja. Akili inasoma muda. Kazi ya namna hii inahitaji ukubwa wake wa asili. Ukiipunguza ikatoshea kwenye simu, watu wanakuwa nukta.

Lakini hata kurasa hizo zinagusa zaidi ukijua kwamba mtoto anayekanyaga majani makavu mwaka huu ni yule yule aliyekuwa akibebwa miaka kadhaa nyuma kwenye njia kama hiyo.

Sasa nije kwenye malalamiko.

Gasoline Alley ya mwanzo imerudi kusomwa na kizazi chetu. Tangu mwaka 2005 kampuni ya Drawn & Quarterly ya Montreal imekuwa ikichapa vitabu vya katuni za kila siku kuanzia mwaka ule wa kapu, mchoraji Chris Ware akisimamia sura ya vitabu na Jeet Heer akiandika utangulizi wenye historia ya King na familia yake. Mwaka 2007 Peter Maresca, kupitia Sunday Press, alitoa kurasa za Jumapili kwa ukubwa ule ule wa gazeti. Ni kazi za heshima kubwa. Lakini ulizeni katuni zenyewe zilipatikana wapi. Sehemu kubwa ya zile za kila siku zilitoka kwa mchoraji Joe Matt, aliyekuwa mpenzi wa katuni hii kiasi cha kukusanya vipande vilivyokatwa magazetini na watu waliotangulia, kimoja kimoja, mpaka mfululizo ukakamilika. Yaani urithi wa gazeti lililokuwa miongoni mwa makubwa kabisa nchini kwenu uliokolewa na mkasi wa msomaji wa kawaida na subira ya mtu mmoja. Wakati huo maktaba zilikuwa wapi?

Jibu linajulikana. Kuanzia katikati ya karne iliyopita maktaba nyingi zilipiga magazeti yao kwenye mikrofilamu, yaani filamu yenye picha ndogo sana za kurasa, kisha zikayaondoa yale ya karatasi. Hoja ilikuwa kwamba karatasi ya massa ya mbao ina asidi, itageuka unga, na rafu zinahitajika. Hofu hiyo haikuwa ya uongo mtupu, lakini matokeo yake ni kwamba majalada makubwa ya magazeti yaliuzwa kwa bei ya taka, yakakatwakatwa au yakatupwa, na kilichobaki ni filamu ya rangi nyeusi na nyeupe. Kurasa za katuni za Jumapili zilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza vya rangi vilivyoingia nyumbani mwa mfanyakazi wa kawaida, na nyinyi mkazipiga picha bila rangi. Yale matembezi ya majira ya majani, kwenye mikrofilamu, ni kijivu juu ya kijivu.

Bill Blackbeard, mkusanyaji wa katuni, aliliona hili mapema. Kwa kuwa maktaba hazikuwa tayari kumkabidhi mtu binafsi magazeti zinayoyaondoa, mwishoni mwa miaka ya 1960 alianzisha taasisi isiyo ya faida, San Francisco Academy of Comic Art, na taasisi hiyo ilikuwa nyumba yake mwenyewe. Aliishi katikati ya magazeti miaka 30 hivi. Mwaka 1998 mkusanyo wake, uzito wa tani 75, ulisafirishwa kwa malori hadi Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio mjini Columbus, na leo ni nguzo ya Billy Ireland Cartoon Library & Museum. Mwandishi Nicholson Baker naye, Maktaba ya Uingereza ilipotangaza mwaka 1999 kuuza majalada yake ya magazeti ya Marekani, alitumia akiba yake kuyanunua, akayatunza kwenye ghala New Hampshire, na mwaka 2004 yakahamia Chuo Kikuu cha Duke. Watu hawa wawili walifanya kwa fedha zao na kwa mgongo wao kazi ambayo taasisi zenye walinzi na mitambo ya kudhibiti unyevu ziliikataa. Wapeni heshima yao, lakini msijifiche nyuma yao. Isitokee tena kwamba kumbukumbu ya taifa inategemea nani ana nafasi sebuleni.

Nyinyi mnaosimamia Chronicling America, hifadhi ya magazeti ya zamani kwenye intaneti, katika Maktaba ya Bunge la Marekani, nawashukuru kwa dhati. Tangu mwaka 2007 mmefungua mamilioni ya kurasa bila malipo, na mtu aliyekaa Mombasa kama mimi anaweza kusoma gazeti la Nebraska la mwaka 1910 kwa gharama ya bando tu. Hakuna kitu kama hicho kwa magazeti yetu huku, na natamani kingekuwepo. Lakini sehemu kubwa ya kurasa hizo zilitolewa kwenye mikrofilamu ile ile, kwa hiyo hasara ya rangi imehamia kwenye intaneti pamoja nayo. Na mashine inayosoma maandishi inasoma herufi za chapa. Maneno yaliyoandikwa kwa mkono ndani ya puto la katuni inayavuruga. Matokeo yake katuni zimo humo lakini hazitafutiki. Mtu anayechunguza bei ya ngano mwaka 1921 anahudumiwa vizuri. Mtu anayetaka kujua baba asiye na mke alivyoonekana kwenye meza ya kifungua kinywa mwaka huo huo anapekua ukurasa kwa ukurasa kwa macho.

Kuna jambo jingine ambalo lazima niliseme, na nalisema kama msomaji Mwafrika.

Ndani ya nyumba ya Walt alikuwamo mwanamke mweusi aitwaye Rachel, mfanyakazi wa ndani, aliyekuwepo tangu miaka ya mwanzo ya Skeezix. King, mchoraji aliyekuwa na jicho la huruma kwa kila mtu wa mtaa ule, alimchora Rachel kwa kejeli ya rangi iliyokuwa desturi ya magazeti ya wazungu: midomo iliyokuzwa, Kiingereza kilichovunjwa makusudi. Inaumiza kumkuta. Unasoma kwa raha kurasa kadhaa, umeshaingia nyumbani kwa watu hawa, umeshaketi, kisha mlango wa jikoni unafunguka na unaona wenye nyumba walivyokuwa wakiwaona watu wa rangi yako.

Pamoja na maumivu hayo, siombi afutwe. Nimesikia hoja kwamba katuni kama hizi zichapwe upya bila yeye, au siku zenye sura yake zirukwe. Nakataa. Rachel alikuwa akifanya kazi katika nyumba ile. Ukimtoa, unabaki na familia ya kizungu ambayo nguo zake zinajifua zenyewe na mtoto wake analelewa na kapera peke yake, na huo ni uongo mkubwa kuliko kejeli yenyewe. Acheni siku zake zibaki mahali pake, zikiwa na maelezo ya wazi yaliyoandikwa na watu wanaoijua historia hiyo, wakiwemo Wamarekani weusi wenyewe. Katuni ilianza kutoka kila siku Agosti 1919. Wiki chache kabla yake Chicago ilikuwa imewaka moto wa ghasia za rangi zilizoua watu 38, 23 kati yao weusi. Ndani ya Gasoline Alley mtaa ni tulivu. Msomaji wa leo ana haki ya kuona vyote viwili, utulivu ule na habari za ukurasa wa mbele wa gazeti lile lile.

Tena jiji lile lile lilikuwa na gazeti jingine. Chicago Defender, lililoanzishwa na Robert S. Abbott mwaka 1905, lilisomwa na watu weusi kote nchini. Wahudumu wa mabehewa ya kulala ya treni, yale ya Pullman, walilibeba hadi kusini, na liliwahimiza watu waondoke huko waje kaskazini. Mwaka 1920, miezi michache kabla ya kapu kuachwa mlangoni kwa Walt, Defender lilianza kuchapa katuni yake, Bungleton Green, iliyochorwa na Leslie Rogers: masaibu ya mwanamume mweusi anayehangaika kutafuta riziki mjini na kila mpango wake unamgeuka. Kwangu mimi hizi ni katuni mbili za mji mmoja zinazopaswa kusomwa kwa kukaribiana. Moja imejalidiwa vizuri na kuandikiwa utangulizi na wasomi. Nyingine wengi hawajawahi hata kusikia jina lake.

Na yupo Jackie Ormes, mwanamke mweusi wa kwanza kujulikana Marekani kama mchoraji wa katuni za magazeti, aliyeishi miaka yake mingi humo humo Chicago. Kuanzia 1945 hadi 1956 alichora Patty-Jo 'n' Ginger katika Pittsburgh Courier, nalo gazeti la watu weusi. Ni kisanduku kimoja tu kila toleo: dada wawili nyumbani, Ginger mkubwa aliyevaa akapendeza na hasemi neno, na Patty-Jo mdogo ambaye hanyamazi. Oktoba 1955 alichora kimoja ambacho Patty-Jo anaingia na kumwambia dada yake kwamba hapendi kuonekana mwepesi wa kukwazika, lakini ile birika ndogo nyeupe ya chai imempigia mluzi sasa hivi.

Ukiikata katuni hiyo ukaibandika kwenye albamu, ni mzaha wa mtoto kuhusu birika. Irudisheni kwenye gazeti lake. Mwezi Agosti mwaka huo Emmett Till, mvulana wa Chicago mwenye miaka 14, aliuawa kikatili Mississippi baada ya kudaiwa kumpigia mluzi mwanamke mzungu. Septemba waliomuua waliachiwa na mahakama. Kila aliyeshika lile Courier mkononi alikuwa ametoka kusoma habari hizo, na Ormes hakuhitaji kutaja jina la mtu. Sisi tuliozaliwa baadaye, tena mbali, tunahitaji ukurasa mzima ili tuelewe mtoto yule anasema nini, na kwa nini dada yake amenyamaza vile.

Kwa hiyo, waheshimiwa, ninaomba hivi.

Jalada lolote la gazeti la karatasi lililobaki lisiondolewe rafuni kwa kisingizio kwamba tayari kuna filamu yake. Kama nafasi hamna, tangazeni, na muipe hifadhi nyingine nafasi ya kulichukua kabla ya mnunuzi wa taka. Mnapolipiga picha, pigeni ukurasa mzima, kwa rangi, kwa ukubwa unaomwezesha msomaji kusoma maandishi madogo ndani ya puto. Watu wa mkasi nimewasifu hapo juu, na nawasifu tena, lakini mkasi huacha nyuma bei za viatu, matangazo ya vifo na taarifa za mahakama, na tumeona kwa Patty-Jo kinachopotea pamoja navyo.

Wekeni katuni kwenye orodha zenu kama kazi zenye jina, mchoraji na tarehe, ili mtu akiandika Gasoline Alley, 1921, apewe Januari hadi Desemba kwa utaratibu wa siku. Kazi ya kunakili maneno ya kwenye maputo msiogope ukubwa wake. Maktaba ya Bunge tangu mwaka 2018 ina mpango wa kuwatumia wasomaji wa kujitolea kunakili barua na shajara za watu wa zamani, na unafanya kazi. Ongezeni katuni humo. Huku kwetu wako walimu, wanafunzi na wastaafu wengi wanaosoma Kiingereza bila shida ambao wangefurahia kunakili wiki nzima ya Walt na Skeezix jioni moja.

Kwenu wamiliki wa magazeti na wenye hifadhi za kulipia, ombi langu ni la haki zaidi kuliko la hisani. Sheria ya hatimiliki ya nchi yenu inalinda kazi zilizochapishwa zamani hizo kwa miaka 95. Katuni za miaka ya 1920 muda wake umekwisha. Ni mali ya kila mtu, na kila tarehe 1 Januari mwaka mwingine unafunguka. Zikiendelea kukaa nyuma ya ukuta wa malipo, sheria imezifungua na kufuli lenu limezifunga. Uzeni huduma ya kutafuta, uzeni nakala za kutundika ukutani, uzeni magazeti ya miaka ya karibuni. Kurasa za katuni za miaka ile ziacheni zisomwe. Vitabu vilivyochapwa upya ni vizuri mno, lakini gharama ya kukifikisha kimoja hapa Mombasa inamzidi nguvu mwalimu, na maktaba za shule zetu haziwezi hata kuanza kufikiria.

Na kama fedha ni chache na lazima kuwe na foleni, magazeti ya watu weusi yatangulie. Nakala zake zilizobaki ni chache kuliko za magazeti makubwa, kwa sababu maktaba nyingi hazikujisumbua kuyakusanya yalipokuwa yakitoka. Tribune litasubiri mwaka mmoja na bado litakuwepo. Kwa Defender na Courier sina uhakika huo.

Pendekezo langu la kuanzia ni kipindi cha miezi 14, Novemba 1920 hadi Desemba 1921, magazeti mawili ya Chicago, Tribune na Defender, kurasa zote za katuni na kurasa za mbele za siku hizo, kwa rangi pale ambapo rangi ilikuwepo, bure kwa yeyote mwenye intaneti. Ndani ya miezi hiyo Bungleton Green anaingia mjini na Skeezix anaingia kwa Walt. Columbus na Duke wana karatasi na ujuzi, Maktaba ya Bunge ina mitambo, wenye magazeti wana majalada yao. Kaeni pamoja, mtuambie mnahitaji wanakili wangapi na lini waanze.

Nangoja jibu lenu.

Wenu,
Msomaji wa magazeti, Mombasa